Begi Lililohitaji Viza

Jumatatu, 2 Machi

Chai, dawa ya presha, kuku. Kisha kupanga begi tena, mara ya nne. Michembe ya mama mkwe kutoka Didia, viazi vitamu vilivyokaushwa, imejaza nusu ya begi. Unga wa ulezi. Samli kwenye dumu, nimeizungushia nailoni tatu. Mwanangu Neema anajifungua kwa upasuaji Ijumaa ya tarehe 13, huko Kanada. Mumewe atakuwa mgodini, zamu ya wiki mbili, ruhusa hakupewa. Wakwe zake wa huko wanakaa mbali, watakuja mtoto akishazaliwa. Siku hiyo hana mtu mwingine. Na mama haendi kwenye uzazi mikono mitupu, ndivyo tulivyolelewa. Viza ya Kanada ninayo. Ilinitoa jasho. Naondoka Jumanne ijayo. Yamekwisha.

Jumanne, 3 Machi

Hayajaisha. Nimemsomea Neema tiketi kwenye simu, akaniambia nirudie. Kumbe ni tiketi mbili. Moja inaishia Uholanzi, ya pili ni ya kampuni nyingine na inaanzia hapo hapo. Aliyenikatia ni shemeji Masanja, mdogo wa marehemu mume wangu, kupitia mtu wake wa Kahama. Masanja ananunua dhahabu Kharumwa na anajua kila kitu duniani. Nimempigia. "Shemeji, wewe unapita tu, hushuki mjini. Wasiwasi wa nini?"

Wasiwasi wangu ni yeye.

Jumatano, 4 Machi

Nimesoma mwenyewe masharti ya Uholanzi, miwani puani, asubuhi nzima. Naandika ili nielewe. Mtu mwenye pasipoti yetu anayebadilisha ndege pale, asipotoka nje ya sehemu ya abiria wapitao, haombwi viza. Vizuri. Lakini tiketi zikiwa mbili, begi linaishia pale pale. Inabidi ulifuate kwenye mkanda wa mizigo, ulipeleke kaunta upya. Mkanda uko ng'ambo ya uhamiaji. Ukivuka uhamiaji umeingia nchini mwao. Ukiingia, viza.

Kwa hiyo mimi sihitaji viza. Begi ndilo linahitaji. Nimecheka peke yangu jikoni. Halafu nikapandwa na hasira mpaka nikaacha uji ukaungua.

Alhamisi, 5 Machi

Miadi ya kwanza ya kuomba viza: tarehe 24. Mjukuu atakuwa na siku kumi na moja. Na wanataka kujua nitalala wapi. Silali! Sitaki kuiona Uholanzi. Nataka kukaa kwenye kiti kwa saa saba, niondoke.

Tiketi hazibadilishwi, hazirudishwi. Mtu wa Kahama hapokei simu. Masanja amekuja nyumbani na wazo: nimwombe abiria yeyote mwenye pasipoti ya Ulaya anitolee begi. Mtu nisiyemjua, na begi langu, uwanja wa ndege! Nimemwambia maneno ambayo mwalimu mstaafu hapaswi kuyasema. Sijuti.

Jumamosi, 7 Machi

Jana sikuandika. Nilichoka na watu.

Njia ni moja. Begi libaki, niende na mkoba wa mkononi tu. Samli hata kwenye mkoba hairuhusiwi. Siku mbili namlaumu mama mkwe kimoyomoyo. Nani alimwambia alete michembe yote ile? Kesho naenda Didia kumwambia. Nina miaka sitini na miwili na bado namwogopa.

Jumapili, 8 Machi

Nimekwenda baada ya ibada. Nilimkuta anapepeta choroko. Mwangaluka, salamu yetu ya Kisukuma, na shikamoo, nikapiga magoti, nikaanza kueleza. Tiketi mbili, mkanda, uhamiaji. Nikajieleza sana. Nikamwambia ni sheria za wazungu, si mimi, nisingethubutu kuacha chakula chake.

Akaweka ungo chini, akaniita mama kwa lugha yetu. "Mayu, Neema aliomba michembe?"

Nikasema hapana.

"Aliomba nini?"

Nikasema aliomba niende. Alijua jibu. Akaendelea kupepeta. Akasema yeye alikuwa ametenga debe moja tu, akaongeza kwa sababu nilimpigia simu mara mbili kumuuliza kama haliwezi kuongezeka.

Ni kweli. Nilimpigia. Nilitaka wale wakwe wa Kanada wakija wafungue begi waone nimetoka kwa watu. Siku zote hizi nilipokuwa namlaumu, nilikuwa nimelisahau hilo. Nimeona aibu barabara nzima mpaka nyumbani Ibadakuli.

Jumanne, 10 Machi

Dar. Nipo ndani, nimepita.

Ndege ya pili, ya kutoka Uholanzi, nilijisajili mwenyewe kwenye simu, maana Masanja alisema amefanya na hakuwa amefanya. Nikachapisha karatasi zote mbili za kupandia ndege, nisije nikatakiwa kaunta ya Uholanzi. Kwenye kaunta dada akauliza viza ya Uholanzi. Nikamwambia siingii. Akauliza begi. Nikainua mkoba. "Mama, safari ya Kanada, huna mzigo kabisa?" Akanitazama kama mtu aliyetoroka nyumbani. Akamwita mkubwa wake. Nilisimama pembeni nusu saa, foleni ikinipita, nikijua kwamba huyu bwana akitikisa kichwa, mwanangu anaingia upasuaji peke yake. Sikumwomba Mungu vizuri. Niligomba naye.

Bwana akasoma karatasi ya pili, akafungua viza ya Kanada, akauliza mara ya tatu kama kweli sina mzigo. Kweli. Akagonga muhuri wake.

Alhamisi, 12 Machi

Nimefika jana. Uholanzi ni kiti cha bluu na choo kisafi, hakuna aliyeniuliza kitu. Neema alinipokea, tumbo mbele. Alitazama nyuma yangu kutafuta begi, nikaanza kujieleza tena kama kwa bibi yake. Akanikumbatia nikiwa katikati ya sentensi. Miguu imenivimba. Theluji. Sina la kusema juu ya theluji.

Ijumaa, 13 Machi

Asubuhi, hospitali. Nesi alileta fomu irekebishwe kabla ya kumwingiza. Neema alinitafsiria. Kuna mstari wa jina la mtu atakayeitwa mgonjwa akipata shida. Fomu aliijaza mwezi uliopita, na mstari ule aliuacha wazi.

Akaomba kalamu. Akaandika jina langu, lote, herufi kubwa. Sasa yuko ndani. Mimi niko kwenye benchi, karibu na mlango.