Msumari wa Kwanza

Mwanangu mpenzi,

Baba yako hajambo, bibi yako hajambo ila miguu tu, mdogo wako mzima, anakusalimu. Mimi mzima, hofu ni juu yako.

Mwanangu, tumenunua nyumba! Yetu kabisa! Huku pembezoni mwa mji nyumba zinachipuka kama uyoga, zote zinafanana, hata bibi yako aliingia ya jirani kwa makosa akavua viatu. Kule tulikopanga mwenye nyumba alitukataza kugonga misumari. Hapa baba yako alishika nyundo akagonga mpaka jirani akaita, "Mzee, unabomoa?"

"Nagonga kwangu!"

Kisha akatundika picha yako. Yeye mwenyewe aliyekufukuza, mwanangu. Nijibu haraka, unakuja lini?

Mama yako