Jina Lako Lilitupwa Mara Kumi na Tisa

Bukavu, Nyawera, siku ya ine

Papa mupendwa,

Ninakusalimia sana, wewe na Maman Colette. Natumaini barua hii itakukuta umekaa nje kwenye jua ya asubui, goti limekupa nafasi kidogo na kikohozi cha Maman kimepunguka. Sisi huku tuko wazima, watoto wanasoma, na mvua imetuachia paa. Ninakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa telefone ungenijibu "sikii", na safari hii ungekuwa unasema kweli. Soma wewe mwenyewe, polepole. Usimupe Maman akusomee, maana siku hizi ili umusikie ni lazima apaze sauti mpaka kwa majirani.

Didier alinifikia siku ya kwanza ya juma iliyopita, kutoka kazini kwake Kasha, na uso wa mutu aliyebebeshwa muzigo usio wake. Alinieleza kwamba munganga amekupima, akakuta sikio la kuume limekwisha kufunga, na la kushoto limebakiza labda mwaka moja. Akanieleza pia kwamba hukulalamika. Ulimuomba tu akutafutie hapa Bukavu pahali muzee anaweza kukaa kwenye kiti na kusikia gitaa zinazopigwa na watu wenye vidole, si redio wala telefone, mbele sikio la pili halijaaga.

Papa, niliumia mara mbili. Mara ya kwanza juu ya sikio. Mara ya pili juu ya kumuuliza Didier. Ni kaka yangu, ninamupenda, ni infirmier, anauguza watu vizuri, lakini kwake gitaa ya solo na gitaa ya besi ni mbao mbili. Mimi nina miaka kumi na mbili nikikodisha viti. Nilianza na viti kumi na vine vya plastiki, nikivipandisha Kadutu kwa kichwa, saba kwenda, saba kurudia. Leo viko mia sita na makumi ine, na bafle nane za kupaza sauti, na hakuna okestra ya muji huu ambayo wasikilizaji wake hawajakalia kiti changu. Lakini mugeni akikuuliza habari ya watoto, unasema Didier ni infirmier, halafu "Mireille iko Bukavu", kama vile Bukavu ni kazi.

Basi, uliyemutuma alikuja kuniuliza mimi, na mimi nikamuachia mufanyakazi depo, nikazunguka kwa ajili yako. Siku hizi haichukui muda, kwa sababu muziki unaanza saa nane ya mchana na kila mutu anataka kuwa kwake mbele ya giza.

Nilianzia Nguba, kwenye terasi moja ya kando ya ziwa. Wanamuziki watatu, wanapiga vizuri. Lakini kutoka barabarani mpaka kwenye meza nilihesabu ngazi makumi ine na moja, bila kitu cha kushika, na ukishuka makumi ine na moja, utazipanda zilezile. Tena watu wa pale wanakuja kwa samaki. Muziki unasindikiza samaki, halafu mwimbaji anapigiwa makofi na watu wenye mafuta mikononi.

Nikaenda kwenye ukumbi wa vijana, Ibanda. Ukumbi hauna upana wa mita tisa, na wameweka bafle sita. Nilimuambia kijana wa mashini kwamba ataua watu. Akanijibu kwa heshima kabisa kwamba maman, muziki wa leo unasikiwa kwa tumbo. Nikamujibu kwamba tumbo la baba yangu liko zima, ni sikio tunalitafutia kazi. Akacheka, akapunguza kidogo, nilipofika mulangoni akapandisha tena.

Bagira kuna fanfare, tarumbeta kumi na moja na ngoma kubwa mbili, uwanja wa wazi, viti kwenye kivuli. Ni pazuri. Shida ni kwamba hao ndio wanaoitwa kwenye maziko yote, na kila wakianza wimbo, watu wa barabarani wanasimama kuuliza nani amekufa. Sikutaka ukae pale ukijibu kwamba bado.

Pahali pa ine ni Kadutu, kwenye kiwanja nyuma ya atelier ya seremala, siku ya Mungu kutoka saa nane mpaka saa kumi na moja. Wanamuziki saba, watano wana mvi. Ngazi hakuna hata moja. Viti ni vyangu, makumi nane na tano, na mimi najua kile utakachokalia: musitari wa kwanza upande wa kuume, gitaa zote zikuangukie sikio la kushoto, mita tatu kutoka kwenye vidole vya mwenye solo. Nilikaa hapo nikafunga macho. Ni rumba ya zamani, Papa, ile ya kukaa. Gitaa ya pili inauliza, ya kwanza inajibu bila haraka, na hakuna anayemukata mwenzake neno. Nilikumbuka vile ulivyokuwa ukitufundisha sauti ine, ukituambia kwamba asiyesikia mwenzake anapiga kelele hata kama anaimba vizuri. Nilijua palepale kwamba hapo ndipo pako.

Na hapo tena ndipo nisipoweza kukuleta mbele ya kukuambia jambo moja. Mwimbaji wa pale anaitwa Mardochée. Anatupa majina ya watu katikati ya wimbo. Akisikia jina lako ataruka kwa furaha, atakuambia kwamba anakujua toka zamani, na utamuuliza anakujulia wapi. Ni heri unijue mimi kwanza.

Unakumbuka ulipofikisha miaka makumi saba. Tulitaka kukufanyia sikukuu, ukakataa, ukasema mwalimu wa korali hakati gato, ile keki ya watoto. Mimi nilikuwa nimekwisha kununua kitambaa cha shati lako. Siku hiyo nilikuwa na viti kwenye nganda moja ya bia ambapo Mardochée alikuwa akiimba, na bafle yao ikaharibika, nikaitengeneza kwa mikono yangu. Akaniuliza anishukuru na nini. Nikachukua kipande cha karto ya boksi, nikaandika: Papa Honoré Bisimwa, mwalimu wa korali, Nyangezi. Alilitupa jina lako mara kumi na tisa katika wimbo moja. Nilihesabu. Watu walisimama wakacheza juu ya jina lako bila kukujua, na mimi nilijificha nyuma ya viti vilivyopangana nikalia, maana nilijiambia kwamba sasa Papa amefanyiwa sikukuu.

Sikufikiri mbele. Kila mutu wa nchi hii anajua kwamba jina halitupwi bure, mwenye jina anamulipa mwimbaji, na wewe ndiye ulikuwa ukishika sanduku la feza ya nguo za korali. Habari ilichukua juma tatu kufika Nyangezi. Baraza la parokia likakuita, likafungua sanduku, likakuta kila kitu kiko. Hata hivyo wakasema kwamba mutu ambaye jina lake linaimbwa katikati ya chupa hawezi kusimama mbele ya altare. Ukarudisha kile kijiti chako cha kuongozea. Ukajiuliza ni nani adui yako, ukaona ni Anaclet, kwa sababu alikuwa mudogo wako katika kazi na ndiye aliyepewa nafasi. Ni miaka sita humusalimii. Ni miaka sita huimbi.

Si Anaclet. Ni mimi, binti yako.

Nilijua toka juma ile. Nilikuja nyumbani kukuambia, nikakukuta umekaa na mugongo kwenye mulango, nikarudi na maneno yangu. Toka hapo nimekuja mara ine tu, kila mara na camion ya viti inanisubiri, ili nisipate muda wa kukaa. Ulidhani ninaringa juu ya viti. Nilikuwa ninakimbia.

Juzi Anaclet alipitia Bukavu kununua mishumaa ya parokia, nikamukuta sokoni. Nikamusimamisha, nikamuambia yote, kwa sababu yeye ndiye aliyeazibiwa bila kosa. Alisikiliza mpaka mwisho akichagua mishumaa. Halafu akaniambia kwamba alikuwa anajua. Bwana wa dada yake alikuwa kwenye nganda siku ile, aliniona nikiandika karto. Nikamuuliza kwa nini basi amekubali miaka sita ya kupitwa njiani kama jiwe. Akasema kwamba muzee akimukasirikia jirani, bado ana watoto wake wote. Lakini akijua ni Mireille, angebakia na mutoto moja pungufu, na nyumba yenu haina watoto wengi. Akaongeza kwamba korali bila wewe haishikani, sauti ya tatu inashuka kila mara, na kwamba hajawahi kukipenda kile kijiti. Akabeba mishumaa yake akaenda.

Siku ya posho nitafika Nyangezi, bila camion. Nitasimama mbele ya baraza, nitasema vile nilivyoandika hapa, na wakitaka kuniandika katika kitabu chao, waniandike. Kesho yake, siku ya Mungu, misa ikiisha, ukitaka, tutashuka Kadutu pamoja. Ukiona huwezi kukaa kando yangu, nenda na Didier. Kiti chako kitakuwa pale, na mimi nitabaki depo.

Lakini hata kama hutanijibu, Papa, leo hii pita kwa Anaclet. Anza naye. Mimi ninaweza kungoja, yeye amekwisha kungoja.

Musalimie Maman kwa mikono miwili, na watu wote wa ngambo ya kijito. Watoto wangu wanauliza kama babu anajua kuimba. Niliwajibu ndiyo.

Ni mimi, mwenye viti,

binti yako Mireille