Kitabu Changu Bila Malka

Alhamisi, Garsen. Jua la leo halina haya. Tangu asubuhi hadi jioni nilijifungia kibandani na rangi zangu, na ukiniuliza nimefanya kazi gani, sijafanya yoyote. Nimekaa tu na hasira.

Kitabu kimetoka.

Wanaonijua hapa wananijua kwa mabango. Kichwa cha ng'ombe pale buchani ni changu, na yule kuku wa hotelini aliyenenepa kuliko kuku yeyote wa Garsen ni wangu pia. Miaka yote hiyo nilikuwa nangoja kitu kimoja: kitabu cha katuni chenye jina langu juu. Shirika moja la Nairobi likanipa kazi hiyo. Hadithi ya amani, mkulima na mfugaji. Nikaona sasa nimefika.

Mimi sichori uso wa kubuni. Lazima mtu anikalie nimchore. Mfugaji wangu akawa Barisa, Muorma niliyesoma naye shule ya msingi. Alinikalia siku nzima, akashika fimbo mpaka mkono ukafa ganzi, kisha akanipeleka kuona malka. Malka ni njia ya ng'ombe kushukia mtoni kunywa maji. Inapita kati ya mashamba, na kila mtoto wa huku anajua kuwa hailimwi. Basi, kijijini kwetu Wema ilikuwa imelimwa. Na aliyepanda mahindi katikati yake ni mjomba wangu mwenyewe.

Nilichora hivyo hivyo. Kurasa mbili: mkulima akilima malka, halafu ng'ombe wenye kiu wakikuta mahindi njiani. Mimi ni Mpokomo, mtu wa jamii ya wakulima, na nilichora kosa letu. Nilijivunia kurasa zile kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora.

Jana vitabu viligawanywa kwenye baraza. Nikafungua changu. Kurasa mbili hazimo. Ng'ombe wanatokea tu, wanaingia shambani, wanakula. Mfugaji amesimama pembeni na fimbo yake, anatazama. Uso ni wa Barisa, mpaka kovu la juu ya jicho.

Nilimpigia mhariri wa shirika. Akanijibu kwa upole ule wa watu wa ofisini, eti malka ingemchanganya msomaji. Nikamuuliza, mbona hamkuniuliza? Akasema kila mtu amekipenda.

Na kweli wamekipenda. Mjomba anazunguka nacho Wema nzima. Asubuhi alinipigia simu. "Mwanangu, umetutetea." Nilitaka kumwambia jinsi nilivyomchora. Nilisema ahsante.

Mchana akaja Barisa. Hakutaka kukaa. Watoto sokoni wanamwita mwizi wa mahindi, na wanamwita hivyo mbele ya mama yake anayeuza maziwa pale.

"Dada, mimi nakaa kwa wewe siku mzima," alisema. "Malka nakuonyesha. Sasa iko wapi?"

Nikamwonyesha kurasa zangu mbili, nimezibandika ukutani. Akazisogelea.

"Hii nzuri," akasema. "Lakini hii iko kwa nyumba yako."

Akaenda zake. Nimemlaani mhariri mpaka nimechoka, lakini jina lililo juu ya kitabu si lake. Ni langu. Inaniuma kwa sababu Barisa hakumwamini mhariri, aliniamini mimi.

Jioni mhariri akapiga tena. Wanataka kitabu cha pili, safari hii wanawake wauza maziwa. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Sikutaja malka. Sikutaja Barisa. Njaa ya jina ni kitu kibaya, na mimi ninayo.

Nikachukua begi langu nikaenda sokoni kutafuta mtu wa kunikalia. Wauza maziwa waliponiona, mmoja baada ya mwingine wakavuta mitandio, wakafunika nyuso. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Mama yake Barisa peke yake hakujifunika. Aliinua uso, akanikazia macho.

"Chora basi," akasema.

Sikuweza hata kutoa penseli. Nimerudi kibandani, simu iko mkononi, na bado sijampigia mhariri kumkatalia.

Nangoja nini?