Pale Duara Liliporuka

Rehema yuko mapajani mwangu. Sasa hivi ameshika simu yangu kwa mikono miwili, kidole kikabonyeza pembeni mpaka sauti ikapanda. Akacheka sana, maana amemsikia bibi yake ndani ya simu.

Mimi sikucheka.

Shajara yangu, leo ni Jumapili. Jua la Msambweni limechoma tangu asubuhi na hakuna upepo hata wa kutikisa pazia. Niko kama mtu aliyepigwa kofi akawa bado hajaanza kulia.

Juzi niliandika hapa kwa furaha. Mama yangu ametolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Daktari alikuwa na kompyuta inayolitazama jicho pamoja naye. Kamera iko kwenye darubini, na kompyuta inachora duara la kijani juu ya mboni, kumwonyesha daktari pa kuchana ule utando mwembamba. Jicho likisogea, duara linalifuata. Mimi niliyeishia darasa la nane nilielezwa nikaelewa! Nikaiomba ile video, mama akaridhia, daktari akanirushia kwenye simu.

Nimeitazama sijui mara ngapi, lakini sauti nimeizima, kwa sababu usingizi wa Rehema ni mwepesi. Wala sikujua kwamba ina maneno. Shangazi zangu walipokuja kumjulia mama hali, niliwaonyesha na wao. Kuna mahali duara linaruka, linageuka jekundu, daktari anasimamisha mkono, anangoja, halafu linarudi kijani. Hapo ndipo nilipokuwa nikijigamba, "Oneni, jicho lilicheza, kompyuta ikamwambia daktari asubiri!"

Shangazi Mwanaisha akasema, "Mashallah! Na wewe mwenyewe sasa ni nusu daktari." Tukacheka sote.

Leo nimejua kwa nini jicho lilicheza.

Mama hakulazwa usingizi, alitiwa ganzi tu, na mama akiogopa huongea. Anasikika akimwambia nesi, "Huyo binti yangu aliyenileta namhurumia. Mumewe ameoa mke mwingine kule Ukunda, Kona ya Musa, na mtoto wameshapata. Mwenyewe hajui. Mimi na shangazi zake tumemficha, alikuwa mjamzito."

Nesi anamwambia, "Tulia, mama, tulia." Na daktari, "Mama yangu, nyamaza kidogo. Jicho linahama."

Hapo ndipo duara linaruka.

Nimeirudisha nyuma, nikairudisha tena. Rehema anapiga makofi, anadhani ni mchezo.

Baba Rehema anafanya kazi hotelini Diani. Wiki hii anakuja, wiki ile haji, nami humwambia mtoto kwamba wageni ni wengi. Dini inamruhusu kuoa, sikatai. Angeniketisha akaniambia, ningelia, ningenuna, ningerudisha hata vyombo vyake jikoni kwa kishindo. Lakini ningekuwa nimeambiwa.

Na bado si yeye anayeniuma zaidi.

Mama ndiye niliyemshika mkono mpaka chooni mwaka mzima. Samaki nilimtolea miiba mimi. Kila Ijumaa aliniuliza, "Mumeo anakuja leo?" nami nikamjibu, "Atakuja, inshallah," nikienda kujitia manukato. Alikuwa akiisikia harufu ya manukato yale. Akanyamaza.

Na shangazi zangu, waliokaa kwenye mkeka wangu wakitazama jicho linaruka na kusema mashallah, walikuwa wakijua.

Najua atakachosema mama. Atasema alinionea huruma, nilikuwa na mimba. Lakini Rehema sasa anatembea. Mimba ile iliisha lini?

Nimefikiria kufunga nguo niende kwa rafiki yangu kule Matuga. Halafu nikakumbuka jicho la kushoto bado. Nani atampeleka? Nitampeleka mimi. Siwezi kumwacha na jicho moja, hata nikiwa na hasira za namna gani. Ila sitaki kukaa tena kwenye lile benchi la nje nikimwombea dua huku yeye ndani anamweleza mgeni mambo yangu.

Basi ni leo. Nitamwuliza leo.

Kinachonitisha ni kitu kimoja. Mwaka mzima huu, kila baba Rehema asipokuja, nimelia mbele ya mama bila yeye kujua, nikifuta machozi kwa kanga huku nikimjibu kwa sauti nzuri. Sasa adhana ya alasiri imelia, ni saa ya dawa yake ya matone. Nitainama juu yake, na lile jicho jipya litanitazama usoni kwa karibu kabisa. Atajua kabla sijafungua mdomo.

"Mwanasiti! Mwanasiti wee! Dawa yangu, au umelala?"

Abee, mama, naja.

Nikifika sitajifuta uso. Nitamwambia, mama, nitazame vizuri, halafu uniambie mwenyewe tangu lini ulijua.