Mnyororo wa Mama Mado

Jumatatu, 7 Machi 1994
Viungo kumi na viwili tangu asubuhi. Saba nimetupa. Plastiki ya kikopo cha yaourt, maziwa ya mgando, inapasuka nikiitoboa. Kiwanda bado kimefungwa, mashine yangu ya kuchonga vyuma inaota kutu kule, nami nakaa dirishani nyumbani, hapa Kikula, nachonga mnyororo wa kifaru cha vita, cha mfano, kinachoenea kiganjani. Mzinga ni mrija wa wino wa kalamu. Antena niliipasha moto juu ya makaa, nikaivuta mpaka ikawa kama unywele. Hiyo niliiweza. Mnyororo unanishinda.

Jumatano, 9 Machi
Mke wangu, Mama Mado, aliacha cherehani, akaomba kujaribu. Nilimpa kipande ili aone ugumu wake. Kwa saa moja, viungo vinne. Vinalingana. Yeye hatoboi, anachoma kwa pini ya moto. Nilimwambia si vibaya. Nilikuwa na hasira.

Ijumaa, 11 Machi
Upande mzima amemaliza. Viungo sitini na nane. Nilivikagua kimoja kimoja nikitafuta kibovu. Hakuna. Mimi miaka kumi na tisa kiwandani, na vipimo vyangu vyote. Yeye anapima kwa kucha.
Namwonea mke wangu wivu. Basi, nimeandika.
Mchana nilimtuma sokoni akatafute gundi. Gundi ipo. Nilitaka tu atoke mezani.

Jumapili, 13 Machi
Mzee Kapenda alikuja baada ya misa. Ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba cha michoro kiwandani, ndiye aliyenifundisha kutengeneza maketi, hivi vifaa vidogo vya mfano. Mjini hapa hakuna jicho jingine ninaloliogopa. Anahamia Kambove, kulima. Alisema lupu yake, ile lenzi ya kuvaa jichoni, hataipeleka shambani. Atamwachia mwenye mkono mzuri. Akashika kifaru. Akakigeuza. Akapitisha kidole juu ya mnyororo.
"Hii chaîne, ni nani alitengeneza?"
"Ni miye, Mzee."
Mama Mado alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Akaiweka mezani, akatoka nje.
Mzee akanipa lupu.

Jumatatu, 14 Machi
Hasemi nami. Anashona. Upande wa pili wa kifaru uko uchi.

Alhamisi, 17 Machi
Lupu ni nzuri sana. Inanionyesha vizuri viungo vyangu vilivyo vibaya.
Nilimwomba anisaidie. Hakuinua macho kwenye cherehani.
"Weye njo unajuaka. Tengeneza."
Eti mimi ndiye ninayejua. Alipokwenda kuteka maji, nilivunja kiungo chake kimoja. Kwa makusudi. Nilidhani nitapata raha. Sikupata. Nikaanza kutengeneza kingine cha kujazia pengo, na jioni kilikuwa bado kimepinda. Akipita, ataona. Nina aibu, na wivu haujapungua hata kidogo. Sikujua vyote viwili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Jumamosi, 19 Machi
Kambove kwa baiskeli. Vilima, jua, mnyororo wa baiskeli ulitoka mara mbili. Nilimkuta Mzee anapalilia maharage. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, hata kile kiungo nilichovunja. Hakunigombeza. Alinawa mikono, akaifuta kwenye shati, akainyoosha mbele yangu. Nikamrudishia lupu. Nikamwomba basi niichukue nimpelekee Mama Mado. Alikataa.
"Akuje yeye. Nitamupa mu mukono."
Nyumbani nilimwambia Mama Mado nimetoka wapi, nimesema nini, na kwamba Mzee anamwita. Aliuliza kama njia ina matope. Basi.

Jumanne, 22 Machi
Ameondoka alfajiri kwa lori la makaa. Amevaa kitenge cha sikukuu. Nimepika bukari, ugali wetu, ikaungua. Siku nzima nawaza anachoambiwa kule. Maneno ambayo mimi sijaambiwa miaka yote hii.
Alirudi saa kumi. Akaiweka lupu kando ya cherehani. Alikula bukari yangu, na sehemu iliyoungua pia.

Jumamosi, 26 Machi
Mvua tangu asubuhi. Mama Mado ameanza upande wa pili. Anahitaji mwanga, kwa hiyo yeye ndiye aliye dirishani. Mimi nimesogeza kiti changu ukutani. Ananikatia vipande vyembamba, navilainisha kwa msasa, namrudishia. Kimoja alikirudisha, akanionyesha ukingo kwa kidole. Nikakisugua tena.
Bado nina wivu. Tumefikia viungo ishirini na tatu.