Upepo wa Matairi Sita

Needles, California
Julai

Dada yangu mpenzi Ardith,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepoa. Je, Nebraska mmepata mvua? Sisi tunapumua, ingawa joto la huku linatoa hewa puani. Kambi ya magari ya kuishi tuliyokuwamo tangu baridi ilikuwa imebaki tupu. Wenye akili zao walishahamia milimani. Nilitaka tuondoke mapema, lakini shemeji yako Delbert alikuwa kila siku anasema kesho.

Juzi tukaondoka, na sasa tumesimama hapa Needles. Unajua Delbert na matairi ya hii nyumba yetu ya magurudumu. Kambini walimwita Daktari wa Matairi, wakimtania kwamba angeweza kuyapima hata mapigo ya moyo. Kila mgeni aliyefika, Delbert alimfundisha jambo lilelile: pima upepo alfajiri, tairi likiwa baridi, jua halijaligusa. Mchana geji itapanda, usishtuke, usipunguze. Ukipunguza, tairi litakwenda likiwa laini, litajikunja na kuchemka hadi lipasuke.

Mchana tulisimama kando ya barabara tule. Nilikuwa ndani napaka mkate siagi nikasikia sauti ya upepo ukitoka, ssss, ndefu. Nilipotoka nilimkuta amechuchumaa kwenye gurudumu la mwisho. Matano alikwisha kuyapunguza.

Nikamuuliza anafanya nini.

"Yamejaa mno, Noreen. Yatatupasukia."

Nikamwambia yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba mchana hayaguswi. Akacheka, akaniuliza ni mjinga gani aliyenidanganya hivyo. Hakuwa anatania, dada. Nilimtazama machoni nikaona kweli hajui.

Nikatoa pampu, nikayajaza moja baada ya jingine, lami ikiniunguza magoti. Yeye alinisimamia, akinikinga jua kwa kofia yake, akinisifu kwamba ninajua kazi. Kisha nikachukua usukani. Hakubisha. Mwanamume ambaye hajawahi kuniruhusu hata kuirudisha nyuma alikaa upande wangu akihesabu nguzo za umeme.

Njia nzima sikuwa na wa kuzungumza naye. Nilitamani kumwambia mtu kuwa Delbert ameanza kupotea, na mtu niliyezoea kumwambia mambo ni Delbert.

Sasa nikueleze lililonifanya niandike badala ya kupiga simu, maana kwa sauti nisingeweza. Leo alfajiri nilikuwa nje napima matairi. Akaja na kikombe cha kahawa, akanikabidhi kwa heshima, kama anavyowapa wageni.

"Mumeo amekufundisha vizuri, mama," akasema. "Yuko wapi mwenyewe?"

Nikamwambia yupo karibu. Akasema basi atamsubiri, angependa kumfahamu. Akaketi kwenye ngazi, nami nikaketi kando yake. Tukamsubiri pamoja mpaka jua kali likatuondoa hapo.

Ardith, hatuji kutembea. Tunakuja kukaa. Naomba utusafishie ile nafasi nyuma ya ghala. Nitaendesha asubuhi tu, taratibu. Tukifika, msalimie kwa jina lake, mtajie na langu, hata kama itabidi urudie kila siku.

Nisalimie watoto wa mwanao Lyle, na uwabusu mmoja mmoja. Delbert angekusalimu, ila amelala.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Noreen