Leo Nimeingia Chumbani kwa Baba Mkwe

Jumanne. Mvua ya Tukuyu imeshika tangu alfajiri, ukungu umefika mpaka dirishani, na moyo wangu mzito.

Leo nimemtazama baba mkwe usoni.

Msiotoka huku mtacheka. Ila kwenye nyumba hii mkamwana hasimami mbele ya baba mkwe wala hamwangalii machoni. Nikimwona njiani nachepuka migombani. Yeye naye akinisikia hugeuza uso. Shoga zangu wa mjini wanasema ni mambo ya kizamani. Sawa, lakini ndiyo heshima mzee aliyobaki nayo, na mimi nimeizoea.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa akitufikishia maneno. Tangu tumzike, na mume wangu akiwa kazini Mbeya hadi Ijumaa, huwa nasimama nyuma ya mlango na kusema kwa kuzunguka, nikimwita Tata, yaani baba, na kumtaja kwa wingi wa heshima, "wao", kama naongea na ukuta.

Daktari alituambia ugonjwa wa mzee, Parkinson, si mikono kutetemeka tu. Kufikiri nako kunakuwa kwa polepole, na maneno yakiwa mengi yanampita kabla hajayapanga. Nilitikisa kichwa tu. Nilidhani ni uzee.

Asubuhi nilimpelekea uji na kikopo cha vidonge wakati yuko msalani, kisha aliporudi nikasema nikiwa mlangoni: "Tata, uji huo wasije wakaunywa kabla ya dawa, maana daktari alisema wakishiba dawa inachelewa, labda wangeanza na kidonge kimoja, halafu wapumzike kidogo."

Nikasikia kijiko kinagonga bakuli.

Nikachungulia. Vidonge vyote vya kikopo alikuwa amevimwaga kwenye uji, na anakoroga.

Mtu huyuhuyu walikuwa wakimfuata kutoka Masukulu aje awasikilize wanaogombea mipaka ya mashamba. Alisikiliza pande zote mbili hadi jioni, kisha akarudia maneno ya kila mmoja bila kuacha kitu. Leo sentensi yangu moja imemshinda.

Nikaingia. Nikamshika mkono kijiko hakijafika mdomoni.

"Tata. Acha uji."

Akaacha.

Nikatoa kidonge kingine cha dawa hiyohiyo kwenye pakiti. "Hiki kimoja. Meza."

Akameza. "Hapo nimeelewa," akasema taratibu, kama mtu aliyetua mzigo.

Ndipo akaniangalia, akatambua ni nani aliyemshika mkono. Akavuta blanketi akajifunika uso. Alikuwa analia. Mimi nilisimama palepale na bakuli la uji, sijui nitoke kwa kurudi nyuma au nikae nimbembeleze. Nilijionea huruma, nikamwonea huruma zaidi.

Nilipofika mlangoni nikamsikia chini ya blanketi:

"Mkamwana, usimwambie mwanangu."

Nimeshinda na maneno hayo siku nzima, nikifua, nikimenya ndizi. Nitaingia tena kesho, hilo nimeshaamua, na nitasema kwa ufupi.

Ila sijui anataka nifiche nini: ule uji, au kwamba niliingia.